Mkanda wa kuzuia moto shambani uwe na upana gani?

Swali: Nina shamba la mikarafuu Wilaya ya Wete, Pemba, kwenye mteremko unaotazama kaskazini mashariki. Chini yake kuna makonde ya muhogo ambayo wenyewe huyachoma kila mwaka kabla ya masika, na ubavuni pana kichaka cha mivinje na minazi mikongwe. Mwezi wa Desemba mwaka juzi nilifyeka mkanda wa hatua nne mpakani, nyasi nikaziacha pale pale zioze. Mwezi wa Februari moto ulitoka kondeni, ukauvuka mkanda na kuniunguzia mikarafuu kumi na miwili. Naomba kujua mkanda unatakiwa uwe na upana gani, upite wapi, ufyekwe tu au ulimwe, na kama naweza kuuchoma mwenyewe.

Jibu: Assalaamu alaykum ndugu yangu, na pole sana kwa mikarafuu yako. Mkarafuu hukaa miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa, kwa hiyo hasara uliyoipata haihesabiki kwa msimu mmoja. Nitajibu maswali yako yote, ila nitaanza na nyasi ulizoziacha zioze, kwa sababu naamini ndizo zilizokuponza zaidi kuliko zile hatua nne.

Moto wa porini huhitaji vitu vitatu, navyo ni joto, hewa na kitu cha kuunguza. Upepo hatuwezi kuuzuia, na joto likishazaliwa huwa limetuzidi nguvu, kwa hiyo kinachobaki mikononi mwetu ni kile cha tatu. Mkanda wa kuzuia moto ni kipande cha ardhi kilichoondolewa kila kinachoweza kuungua, ili moto ukifika hapo ukose chakula. Kufyeka, ndugu yangu, si kuondoa. Nyasi mbichi iliyosimama ina maji ndani yake, na moto hauna budi kuyakausha maji hayo kwanza kabla ya kuila. Ukiikata mwezi wa Desemba, vuli inapomalizika, ukailaza juani na kaskazi ikavuma juu yake wiki sita au saba, kufikia Februari inakuwa imekauka kuliko nyasi yoyote ya jirani. Mkanda wako ulikuwa umetandikwa jamvi la nyasi kavu kutoka kondeni hadi kwenye mashina ya mikarafuu. Lau ungeziacha zile nyasi zimesimama mbichi, huenda moto ungechelewa kidogo.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kwamba kila kinachokatwa kitolewe nje ya mkanda kwa reki, na kipelekwe upande wa ndani, mbali na mashina, au kikatumike kwengine kama mboji. Usikirundike upande wa nje mpakani, kwani biwi la majani makavu likishika moto mahali hapo hutoa ndimi ndefu kuliko za nyasi za kawaida, na mkanda uliouchimba kwa jasho unakuwa mwembamba mbele ya biwi lako mwenyewe. Baada ya reki, pita na jembe kidogo tu, mpaka udongo uonekane. Mizizi midogo na majani yaliyooza nusu huweza kubeba moto wa kufukuta, ambao hauna ndimi wala moshi mwingi, unatambaa polepole chini kwa chini na kuibukia ng'ambo ya pili usiku watu wakiwa wamelala. Nimewahi kuona kitawi kimoja cha mvinje, kisichozidi unene wa kidole gumba, kimelala kukatisha mkanda uliosafishwa vizuri sana. Moto uliingia kwenye ncha yake, ukasogea ndani yake kama wekundu unavyosogea kwenye udi, na baada ya muda mfupi majani ya upande wa pili yalianza kutoa moshi. Mkanda ule ulikuwa na upana wa mita sita, na mita sita zote zilishindwa na kitawi.

Sasa kuhusu upana. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa pande zote za shamba, na hapa ndipo wakulima wengi hupoteza nguvu kwa kuzungusha mkanda wa upana ule ule kila upande. Kwetu Unguja na Pemba pepo zina majira yake, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu tunajua mapema moto utasukumwa kutoka wapi. Kuanzia Desemba mpaka Machi huvuma kaskazi, inayotoka kaskazini mashariki, na ndani ya miezi hiyo Januari na Februari ndiyo mikavu zaidi, nayo ndiyo miezi watu wanayotayarisha makonde kwa moto. Baada ya masika huja kusi, inayotoka kusini na kusini mashariki, na ukavu wake huendelea kipupwe chote mpaka vuli ianze. Kwa shamba lako, mteremko unatazama kaskazini mashariki na makonde yako chini yake, kwa hiyo moto wa Februari unakujia ukiwa na upepo mgongoni na mlima mbele. Hali mbaya kuliko hiyo ni shida kuipata.

Mlima una hesabu yake. Watafiti wa moto wa Australia walifikia kanuni ambayo mabwana misitu wengi wanaitumia mpaka leo, kwamba mwinuko ukiongezeka kwa digrii kumi, kasi ya moto unaopanda huwa kama mara mbili. Sababu yake inaonekana kwa macho. Moto unaopanda huziinamisha ndimi zake juu ya nyasi zilizo mbele, ukazikausha na kuzipasha joto kabla ya kuzifikia, ilhali moto unaoteremka hulazimika kusogea kwa kurudi nyuma. Wenye mashamba ya Pemba, kisiwa chenye vilima na mabonde kila upande, wana haki ya kulichukulia jambo hili kwa uzito kuliko wenzao wa sehemu tambarare za Unguja.

Kutokana na hayo, ushauri wangu ni kwamba upande wa kaskazini mashariki, ule wa makondeni, mkanda wako uwe na upana usiopungua mita kumi, na popote nyasi za jirani zinapozidi kimo cha kiuno ongeza uwe mita kumi na tano. Upande wa juu, ambako moto ukija utakuwa unateremka, mita tatu hadi tano zinatosha wakati wa kaskazi. Upande wa kusini uweke mita sita hadi nane na uusafishe mwezi wa Juni, kwa ajili ya kusi. Kanuni ya jumla ya kukumbuka ni kwamba mkanda usipungue mara tatu ya kimo cha kile kinachoweza kuungua karibu yake, nao upande wa upepo uzidi hapo.

Lakini kipimo hicho kinahusu nyasi. Penye miti hesabu hubadilika. Katika miaka ya 1980 yalifanywa majaribio kaskazini mwa Australia, kwenye nchi ya joto yenye nyasi ndefu, ambapo watafiti waliwasha moto kwa makusudi na kutazama ni lini unavuka mkanda na ni lini unasimama. Waligundua kwamba, pamoja na ukali wa moto na upana wa mkanda, jambo lililoleta tofauti kubwa lilikuwa kuwapo kwa miti ndani ya mita 20 kutoka ukingoni. Miti hutoa magome na majani yanayoruka yakiwa yanawaka, na cheche moja ikitua ng'ambo kazi yote inaanza upya. Hata maji hayazuii cheche. Mwezi wa Julai mwaka 2018, moto uliopewa jina la Carr huko California, Marekani, uliuvuka mto Sacramento na kuingia kwenye vitongoji vya mji wa Redding, na mto ule ni mpana kuliko mkanda wowote ambao mimi na wewe tutauchimba.

Sisi hapa tuna mti wetu wa kurusha cheche, nao ni mnazi. Mnazi mkongwe usiokwewa wala kusafishwa huning'iniza makuti makavu kutoka kileleni mpaka chini, na katikati yake kuna vilifu na makarara yaliyokauka, ambayo kila mwenye jiko la kuni anayajua kwa wepesi wa kushika moto. Moto wa nyasi ukilifikia kuti lililogusa chini huparamia kama ngazi, na kilele kikilipuka, vipande vya kuti vinavyowaka huchukuliwa na upepo juu ya vichwa vya watu na kuangushwa mbali. Makumbi nayo yana hatari yake kwenye mteremko, kwa sababu kumbi linalowaka ndani huweza kubingirika na kuuvuka mkanda, likafukuta kwenye majani makavu kwa saa nyingi. Kwa hiyo kabla hujaongeza upana wa mkanda ubavuni mwa shamba lako, mtafute mkwezi, iangueni minazi ile makuti, makarara na vilifu vyote vikavu, na makumbi yaliyotapakaa chini yakusanywe. Kazi hiyo ya siku moja au mbili italinda shamba lako kuliko mita tano za jembe.

Mivinje nayo iangalie. Majani yake membamba kama sindano hukauka yakarundikana chini kama zulia, na mashina yake mara nyingi huwa na matawi makavu yanayoanzia chini kabisa. Yaondoe matawi hayo hadi kimo cha mita mbili, uyafagie yale majani katika upana wa mita kumi hivi kutoka mpakani, na ile miti yenyewe uiache. Mivinje hai iliyosafishwa chini yake huvunja upepo na kunasa baadhi ya cheche, na ukiikata yote utajipa jua kali na nyasi nyingi zaidi mwakani.

Ama mahali pa kupitisha mkanda, usiupitishe katikati ya mteremko. Moto ukifika hapo umeshapata mbio zake. Mahali pazuri ni pawili. Pa kwanza ni chini kabisa, pale ardhi inapokuwa bado tambarare kabla mlima haujaanza, kwa kuwa hapo moto unakuwa haujapata ngazi ya kupandia. Pa pili ni juu kwenye mgongo wa kilima, ambako moto uliopanda hupunguza kasi. Kwa shamba lako chagua pa chini, na ikiwa mpaka wako halisi uko hatua chache juu ya makonde, zungumza na mwenye konde akuruhusu mkanda uingie kwake kidogo. Penye njia ya miguu, mtaro au jiwe lililo wazi, uunganishe mkanda wako na vitu hivyo ili upunguze kazi. Ncha za mkanda zisiishie hewani, kwa maana moto huzunguka ncha kama maji yanavyozunguka jiwe.

Hapa sina budi kukuonya kuhusu mvua. Mkanda uliolimwa ukawa udongo mtupu na ukashuka moja kwa moja na mteremko utakuwa korongo baada ya masika mawili, na mkarafuu, ambao mizizi yake mingi iko juu juu, hauvumilii kufukuliwa. Sehemu ya mkanda inayokatisha mteremko, yaani inayofuata usawa wa kilima, unaweza kuilima kidogo bila wasiwasi mkubwa. Sehemu zinazoshuka usizilime. Zifyeke nyasi mpaka zibaki fupi kama zulia, ukusanye ulichokata, uiache mizizi ishike udongo, na kila baada ya hatua kumi na tano au ishirini utie tuta dogo la mshazari la kuyatoa maji pembeni. Nyasi fupi iliyo kijani haichomeki kirahisi, na ikikauka hutoa moto wa kimo cha mguu ambao mtu anaweza kuupiga kwa tawi bichi.

Usisahau ndani ya shamba lenyewe. Gome la mkarafuu ni jembamba, na chembe hai zilizo chini ya gome hufa zikipata joto la nyuzi 60 hivi za sentigredi, kwa hiyo moto mdogo wa majani unaolizunguka shina kwa dakika chache huweza kuua mti ambao majani yake ya juu hayakuguswa. Unaweza kuuona uko kijani wiki ile, kisha ukaanza kunyauka taratibu. Wakati wa mavuno tunafyeka chini ya mikarafuu ili wachumaji wapite na karafuu zinazoanguka zionekane, na nyasi hizo hubaki hapo hapo zikikauka mpaka Januari. Mavuno yakimalizika, ziondoe kuzunguka kila shina kwa upana wa mita moja na nusu. Fanya hivyo kwa mkono na reki, bila jembe.

Swali lako la kuuchoma mkanda mwenyewe nimeliweka mwisho kwa makusudi. Njia hiyo ipo na hutumika penye ardhi kubwa, kama kwenye mashamba ya misonobari ya Sao Hill huko Mufindi, Iringa, ambako barabara za kukinga moto husafishwa kila mwaka na kuna wafanyakazi, magari na minara ya kuangalia. Husafishwa mistari miwili membamba iliyoachana, kisha nyasi zilizo kati yake huchomwa mwanzoni mwa kiangazi zikiwa bado na unyevu. Kwa shamba la mtu mmoja lililo kwenye mteremko, lenye mikarafuu upande mmoja na minazi upande mwengine, sikushauri kabisa. Jembe na reki vinatosha kwa ukubwa wako, na moto ulioanzishwa na wewe ukienda kwa jirani utakuwa na kesi badala ya haki.

Nguvu hiyo itumie kuzungumza na wenye makonde, kwa sababu mahali bora pa kuuzuia moto ni pale unapowashwa. Nenda kwa sheha wako mapema, mwezi wa Disemba, muwaite wenye makonde yote ya chini, na muombe mambo machache yanayotekelezeka. Konde lisichomwe zima kwa mpigo, bali takataka zikusanywe na kuchomwa biwi kwa biwi katikati ya konde, mbali na mpaka. Moto usiwashwe mchana, ambapo upepo wa bahari unakuwa na nguvu na majani yamekauka kabisa, bali jioni baada ya alasiri upepo ukishatulia. Anayelazimika kuchoma nyasi zilizosimama aanzie ule ukingo ambao upepo unaelekea, ili moto utembee kwa kuurudia upepo, wenyewe ukijitengenezea mkanda mweusi nyuma yake. Mwenye moto asiondoke mpaka majivu yashikike kwa mkono. Na jirani apewe habari siku moja kabla, ili watu wawe tayari na ndoo za maji, matawi mabichi na bomba la mgongoni lile la kupulizia dawa, lioshwe vizuri na kujazwa maji matupu. Bomba hilo ni silaha nzuri sana ya kuzimia cheche na vigogo vinavyofukuta, na wengi wetu tunalo ndani.

Nalisisitiza hili la watu kwa sababu mkanda usiokuwa na mtu huvukwa. Kazi yake kubwa ni kuushusha moto kimo na kasi ili watu wapate pa kusimama na muda wa kuzima cheche zilizotua nyuma yao. Moto ukija, msisimame juu yake kwenye mteremko wala mbele ya uelekeo wake. Simameni ubavuni, au ndani ya sehemu iliyokwisha kuungua, huku wawili watatu wakiwa nyuma ya mkanda wamegeuza nyuso zao shambani wakitafuta moshi. Hao ndio wanaookoa shamba, ingawa wenzao walio mbele ndio wanaoonekana wanafanya kazi.

Wasomaji wengine wanaoishi kwenye maweni, kuanzia Micheweni hadi Makunduchi, watauliza juu yao, maana huko jembe haliingii. Kwenu jiwe lenyewe ni mkanda mzuri likiwa wazi. Hatari iko kwenye mashimo ya jiwe, ambamo majani na mizizi hukusanyika na kufukuta kwa siku nyingi baada ya moto wa juu kuonekana umekufa. Fagieni majani, na baada ya moto mrudi mara mbili au tatu kumwaga maji mashimoni. Na wale mnaopakana na msitu wa asili kama Ngezi au Jozani, msikate mkanda ndani ya msitu. Msitu uliofunga una kivuli na unyevu, na huo ndio unaouzuia moto. Ukifungua njia ya jua ndani yake utaota majani yanayokauka, nawe utakuwa umeupa moto mlango. Mkanda ukae nje, upande wa makonde, na ofisi ya misitu ishirikishwe kabla ya panga kuinuliwa.

Najua utasema mita kumi ni ardhi nyingi. Mpaka wa mita 200 kwa upana wa mita kumi ni mita za mraba 2,000, ambazo ni karibu nusu eka, na si haki kumwambia mkulima aache nusu eka itazamwe tu. Kwa kuwa sehemu yako ya chini inakaribia bonde na ina unyevu, zile mita tano zinazogusa makonde ziache tupu, na mita tano za ndani zipande viazi vitamu. Marando yakishatanda hubaki mabichi, hufunika udongo usichukuliwe na mvua, na yana maji ya kutosha kuzima cheche inayotua juu yake. Migomba pia inafaa kwa sababu shina lake limejaa maji, mradi majani makavu yanayoning'inia yakatwe kila mwezi. Marando yapandwe vuli mapema ili kufikia mwisho wa Disemba yawe yameshakutana, na mahali popote yalipoacha pengo, pita na reki kabla kaskazi haijashika.